Chokaa Juu ya Jina la Séphora

Nilipaka chokaa juu ya jina la mdogo wangu kwa mkono wangu mwenyewe, na nilipaka vizuri, maana sijui kufanya kazi ovyo. Watu wananiambia niache kujilaumu, vita ni vita. Mimi najilaumu, tena nawalaumu na wengine, na nitasema ni akina nani.

Naitwa Kanyere. Hapa Butembo wengi wananiita Mama Monitrice kwa sababu nimefundisha shule ya Jumapili kanisani kwetu miaka ishirini na minne. Siku nyingine zote za juma naandika mbao za maduka. Ukipita barabara kubwa ukaona mahali pa kusuka nywele, mahali pa kusaga mihogo, mahali pa kutengeneza redio, herufi zote ni zangu. Navaa koti la marehemu mume wangu lenye madoa ya rangi, na wanaume wenye maduka wananiogopa kidogo, jambo ambalo halijawahi kunisumbua.

Nilikuwa na miaka kumi na minne wakati mademoiselle mmoja, dada Mzungu wa misheni, alipokimbia fujo za mwaka wa sitini na nne. Alimwachia mama yangu sanduku la vitabu. Vingi vililiwa na mchwa, lakini kimoja kilipona, kitabu kikubwa chenye picha za rangi za michoro ya Misri ya zamani, ile iliyochorwa ndani ya makaburi. Nilikifungua katikati nikakuta bwawa, na ndani ya bwawa samaki. Nilimjua yule samaki. Alikuwa tilapia wa Kyavinyonge, kule ziwani, yule yule ambaye mama alimnunua kila Ijumaa, miiba ya mgongoni imesimama, jicho limetoka nje kama la mtu aliyeshikwa na wivu. Baadaye mwalimu wa jiografia alitueleza kwamba maji ya ziwa letu yanapita Semuliki, yanaingia Nile, yanafika Misri. Sikushangaa hata kidogo. Nilikuwa nimekwisha kumwona samaki amefika.

Tangu siku hiyo nilitaka kwenda kumwona kwa macho yangu. Zaidi ya yote nilitaka kujua kitu kimoja cha kazi yangu: rangi yao waliichanganya na nini? Mbao zangu zikikaa miaka miwili kwenye mvua ya Butembo zinaanza kubanduka, na mwenye duka anakuja kunifokea. Yule samaki amekaa miaka elfu tatu na mgongo wake bado ni wa kijani. Mtu anayeshika burashi hawezi kulijua jambo hilo akalala salama.

Basi mwaka wa tatu wa vita, makanisa yaliitisha mkutano mkubwa huko Cairo, na kanisa letu likapewa nafasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya pasta wetu, Eliezer. Ya pili ilikuwa ya mama mmoja, na wamama wakanichagua mimi. Barua ilisema kwamba siku ya nne wajumbe watapelekwa kutembelea nyumba ya vitu vya kale, ile ambayo kitabu kilisema ndimo alimo samaki wangu. Niliisoma sentensi hiyo mpaka karatasi ikachakaa kwenye mikunjo. Wamama walinitania wiki nzima. Musa alihangaika miaka arobaini kututoa kule, walisema, wewe unarudi kufuata nini, vitunguu? Nilicheka nao. Nilishona nguo mbili mpya, na ndani ya Biblia nikaweka karatasi ya samaki niliyoichora nikiwa na miaka kumi na minne, ili nimlinganishe na mwenyewe.

Pasi zetu zilitengenezwa, tiketi zilikuwa zinatungoja Kampala. Ilibaki karatasi moja tu, ruhusa ya kutoka, na hiyo ilikuwa Beni, mikononi mwa wale waliokuwa wameshika bunduki na kujiita serikali.

Siku ya Jumatatu nilipanda lori nikaenda Beni. Bureau yao, ofisi, ilikuwa katika nyumba ya mfanyabiashara mmoja aliyekimbia, commune ya Ruwenzori, na mlangoni palikuwa na kijana aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Waliponiingiza, niliyemkuta nyuma ya meza ni Edmond.

Edmond nilimfundisha mimi. Alikaa benchi la mbele shule ya Jumapili, mtoto wa mjane, kamasi puani, hodari wa kuchora magari ya Farao. Nikiita majina alisimama wima akaitika "Yuko", kama nilivyowafundisha kuitika, kwa sauti kubwa kuliko wote. Sasa alikuwa amenenepa mashavu na alikuwa na simu ya satelaiti mezani. Alisimama akaniamkia kwa mikono miwili, akaagiza niletewe chai, na kwa dakika tano nikaamini kwamba Mungu amenitangulia.

Halafu akazungumzia ukuta.

Ni lazima niseme habari za ukuta. Mwezi wa nane, askari wa hao hao wakubwa wa Beni waliingia katika kijiji cha mama yangu siku ya soko, wakasema wanatafuta maadui, na walipoondoka walikuwa wameua watu ishirini na saba. Mmoja wao alikuwa mdogo wangu Séphora, aliyekwenda kuuza maharage. Walizikwa shimo moja. Jamaa zao, waliokimbilia Butembo, waliniomba niandike majina kwenye ukuta wa kanisa unaotazama barabara. Niliandika kwa rangi ya mafuta, nyeusi, herufi za kiganja kimoja.

Haikuwa kazi rahisi. Kwetu mtoto anapata jina kwa kufuata mpango wa kuzaliwa, kwa hiyo katika wale ishirini na saba kulikuwa na Kambale watano na Masika wanne, na kila jamaa ilikuja kusimama nyuma yangu kuhakikisha kwamba wa kwao hachanganywi na wa wengine. Niliandika Kambale mshona viatu, Kambale wa mama Nzyavake, Kambale mwenye kovu. Masika Séphora niliandika mwisho, chini kabisa, kwa sababu mkono ulikuwa umechoka na sikutaka kuanza na yeye.

Edmond alisema wageni wa kuchunguza mambo ya haki wangepita Butembo baada ya wiki moja. Haikuwa vizuri, alisema, wakute ukuta wa kugawanya watu. Alinionyesha karatasi yangu ya ruhusa. Ilikuwa imekwisha kupigwa mashine, jina langu limeandikwa bila kosa, ilikosa sahihi tu.

"Mama Monitrice, mimi hapana iko na shida na weye," alisema. "Upakale chokaa kwa ule mukuta, kesho, pale pale mi nasaini. Mais kama majina ingali pale, utabaki."

Nilimwambia kwamba mdogo wangu yupo pale. Alitazama meza. Akasema anajua, na kwamba Séphora alikuwa anamgawiaga karanga.

Nilitoka pale na hasira, na njia nzima mpaka Butembo nilimtukana moyoni kwa maneno ambayo monitrice hapaswi kuyajua. Lakini nitasema ukweli. Kabla lori halijafika, nilikuwa nimekwisha kupata ujanja, na ujanja ule ulinifurahisha. Edmond alikuwa amesema chokaa. Hajui kazi. Kila fundi wa rangi anajua kwamba chokaa haishiki juu ya mafuta. Inakaa tu kama unga juu ya sufuria, na mvua ya kwanza inaiondoa. Kwenye ukuta wenyewe itabaki, juu ya herufi itabanduka, na majina yatarudi meusi kuliko zamani. Tulikuwa mwezi wa kwanza, jua kali, mvua bado. Mimi ningekuwa nimekwisha kuruka. Niliona ninawachezea wote, Edmond na wakubwa wake, na bado ninampata samaki wangu.

Jumanne nilifanya kazi pamoja na Lusenge, zamu wa kanisa, mzee aliyelinda ule uwanja tangu kanisa lilipokuwa la nyasi. Alichanganya chokaa, mimi nikapaka. Watu walisimama barabarani. Mama mmoja alitema mate chini, nikajua ni kwa ajili yangu. Sikuweza kumweleza. Lakini Lusenge alikuwa amepaka chokaa maisha yake yote, na tulipofika mistari ya chini aliweka ndoo.

"Hii haitashika," alisema. "Na mvua ikinyesha?"

"Ikinyesha, mi niko mbali," nilimjibu.

Alinitazama kidogo, akachukua ndoo, tukaendelea. Ni hapo nilipokosea, na sijui kama ipo siku nitajisamehe. Nilifikiri habari ya mvua, ya ndege, ya herufi. Sikufikiri hata mara moja ni nani atakayekuwa amesimama mbele ya ule ukuta majina yatakaporudi. Yeye alifikiri. Alifikiri na hakusema, kwa sababu aliona nguo zangu mbili mpya zimeanikwa kwenye kamba.

Jumatano asubuhi, huko Beni, Edmond alisaini. Alhamisi mimi na Pasta Eliezer tulikuwa Kasindi, mpakani na Uganda, tukingoja gari la kanisa litoke upande wa pili kutuchukua. Lilichelewa. Tulikaa kwenye benchi la mama mmoja anayeuza chai, mizigo miguuni, na Pasta alinisomea hotuba yake ya Cairo. Nilikuwa simsikilizi. Nilikuwa nimetoa karatasi ya samaki, naangalia jinsi nilivyokosea mapezi.

Ijumaa saa nne asubuhi lori la viazi lilisimama kwenye kizuizi, akashuka Bénite, binti ya Lusenge, mwenye mtoto mgongoni. Hakunisalimia. Alikaa kando yangu kwenye benchi, akahamisha mtoto kwenye paja, na alipoanza kusema alikuwa anatazama barabara.

Mvua ilinyesha Jumatano mchana, alisema, mvua ya mawe, saa nzima. Asubuhi ya Alhamisi majina yote yalikuwa yamerudi. Watu walikuja kutazama, wengine wakaanza kuimba. Kabla ya saa sita gari la askari lilitoka Beni, Edmond hakuwamo. Waliuliza nani alipaka. Lusenge akasema ni yeye. Wakauliza nani mwingine. Akasema hakuna mwingine. Wakamletea chokaa mbichi, bado inachemka, wakamwambia apake tena, kwa mikono mitupu, bila burashi, mpaka jioni. Ngozi ya mikono ilitoka. Halafu wakamfunga katika stoo ya kanisa.

"Baba alikataza nikuambie," Bénite alisema. "Alisema, Mama Kanyere aende kwanza. Mais mi nimekuya. Weye ulijua hii chokaa haishikake?"

Nilimwambia ndiyo, nilijua.

Hapo Pasta Eliezer alinishika mkono, akanivuta kando. Sitamsingizia: maneno yake yalikuwa na akili. Alisema tukirudi hatuna nguvu yoyote, tukienda tutasimama mbele ya makanisa ya Afrika nzima na kulitaja jambo hili, na dunia itasikia. Alisema Lusenge mwenyewe ameridhia. Alisema nafasi kama hii hairudi. Wakati anasema, gari la kanisa lilitokea ng'ambo ya kizuizi, jeupe, dereva akatupungia mkono. Zilikuwa hatua hamsini. Nilikuwa nimezingoja miaka thelathini na sita.

Nilimwambia Pasta aende akaseme huko Cairo, kwa sauti, na asisahau hata jina moja. Aliniuliza kama ninayo orodha. Nikamuuliza yeye, aliyepita mbele ya ukuta ule kila siku kwa miezi mitano, anahitaji orodha ya nini. Alikasirika, mimi nikakasirika zaidi. Nilichukua begi langu, nikapanda lori la kwanza lililorudi, mimi na Bénite tumekaa juu ya magunia mpaka Butembo.

Jumamosi asubuhi Edmond mwenyewe alikuwa kwenye ukuta, Butembo, pamoja na askari sita. Nilimwambia amtoe Lusenge kwanza. Alimtoa. Walipomleta mikono ilikuwa imefungwa kwa vitambaa vya jikoni, na aliponiona alitikisa kichwa kama baba anayemwona mtoto amerudi njiani bila kumaliza kutumwa. Nililia. Nilikuwa na hasira mpaka meno yaliniuma, na hasira kubwa ilikuwa juu yangu mimi mwenyewe, mtu wa ujanja.

Edmond alikuwa amejifunza. Hakutaja chokaa tena. Alileta makopo manne ya rangi ya mafuta, nyeupe, nzuri kuliko yoyote niliyowahi kununua mimi.

"Sasa utafanya ile ya kushika," alisema.

Nilifungua kopo. Lakini kabla burashi haijagusa ukuta nililisoma jina la kwanza, kwa sauti ile ile ninayotumia kuita watoto wa shule ya Jumapili. Kambale mshona viatu. Sikuwa nimepanga. Ni mazoea tu ya miaka ishirini na minne, nikiona majina yamepangwa nayasoma. Nyuma yangu, katika watu waliokuwa wamejaa barabarani, kulikuwa na wengi niliowafundisha, na wengi wana watoto ninaowafundisha. Mtu mmoja akajibu, mwanamke, nafikiri mke wake.

"Yuko."

Nikafunika jina. Nikasoma la pili, wakajibu watu kumi. La tatu, barabara nzima. Askari mmoja alinikemea ninyamaze. Akamtazama Edmond, na Edmond akatazama makopo ya rangi. Kila jina lilijibiwa, kila jina likafunikwa mara mbili, rangi ikashika sawasawa, na nilipomaliza Masika Séphora ukuta wa kanisa letu ulikuwa mweupe kuliko kuta zote za Butembo. Ulibaki hivyo. Jumanne wageni wa kuchunguza walifika, wakauzunguka mji kwa magari matatu, na kwa kuwa jua lilikuwa linapiga vizuri pale, walipigwa picha ya pamoja mbele yake. Mmoja wao alisifu usafi wetu.

Pasta Eliezer alirudi baada ya wiki tatu. Alikuja kunisalimia kwangu, amevaa kofia mpya. Alisema walimpa dakika tatu za kuzungumza, na muda haukutosha kwa majina. Halafu akanifurahisha, kama alivyofikiri, kwa kuniambia kwamba siku ya nne walipelekwa, na alimwona samaki wangu. Ni kweli, rangi bado ipo, mgongo wa kijani. Nilimuuliza waliichanganya na nini. Alisema hakukumbuka kuuliza. Nilimwomba aondoke, kwa heshima, na alipofika barabarani nilifunga mlango kwa nguvu.

Sasa kila Jumapili, ibada ikiisha, hatutoki. Naita majina ishirini na saba, watu wanajibu. Watoto wanayajua yote kwa moyo, hata Kambale watano hawawachanganyi. Lusenge anakaa mbele. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki tena, na Bénite bado hanisalimii, ni haki yake.

Jumapili iliyopita Edmond alikuja. Mama yake anasali kwetu, ndiye aliyemleta kwa kumshika mkono, na walinzi wake wakabaki mlangoni na bunduki. Alikaa benchi la nyuma. Niliita majina kama kawaida, watu wakajibu, mpaka nikafika mwisho. Hapo niliinua mkono nikawaambia wote wanyamaze, huyu atajibiwa na mtu mmoja tu.

"Masika Séphora," niliita.

Kanisa zima liligeuka nyuma. Nilingoja. Mlinzi mmoja aliingiza kichwa, akaona hakuna vurugu, akatoka tena. Mama yake Edmond alikuwa ameinama. Mwishowe niliisikia sauti, ndogo, haikufika hata katikati ya mabenchi.

"Yuko."

"Sikusikia," nilimwambia. "Simama wima, Edmond, vile nilikufundishaka, useme tena."